Kwaya Ndani ya Faili Moja

Kalista alinipigia simu asubuhi ya Jumatatu, nikiwa ofisini Dodoma nabishana na vijana wangu kuhusu programu iliyogoma kufunguka kwenye kompyuta za mikoani. "Mwalimu," akasema, "baba ametangulia." Baba yake, Mwalimu Gaudensi, alikuwa mwalimu wa kwaya katika parokia moja ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwendo mfupi kutoka Mbamba Bay, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilikuwa naingia na kutoka nyumbani kwake kama mtoto wa pale. Nikampa pole na kumuuliza mazishi ni lini. Akasema walikwisha kumzika Jumamosi. "Mama anasema ukipata nafasi uje umwone. Anasema katika watu wote waliomsaidia baba, hakuna aliyemsaidia kama wewe." Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka vijana wakaja kuniuliza kama naumwa. Zaidi ya miaka kumi na tano ilikuwa imepita, na nyumba ile ilikuwa bado inaniheshimu kwa sababu ya uongo nilioutamka pale mezani kwao.

Sitaeleza nilikotoka wala nilivyolelewa, maana hayo hayamhusu Mwalimu Gaudensi. Inatosha kusema nilikuwa Mwislamu kutoka Tanga, nina miaka ishirini na minne, nimepangiwa kufundisha kompyuta katika shule ya sekondari Mbinga, na mpaka basi linaanza kupanda ile milima sikuwa nimewahi kuvaa sweta mchana. Nilipanga chumba cha uani kwa mkulima wa kahawa. Kilikuwa na dirisha moja dogo, kitanda cha mbao kilicholia kila nilipogeuka, na ukuta mwembamba ambao nyuma yake familia iliongea Kimatengo tangu alfajiri. Sikuelewa kitu, ila jina langu nililisikia, na kila nilipolisikia lilifuatwa na kicheko, nikajifunza kuvumilia. Walikuwa watu wema. Mama mwenye nyumba, kila alipotaka nile kuku wake, alimwita fundi cherehani Mwislamu kutoka sokoni aje amchinje, kisha akamlipa fundi huyo paja. Harufu ya mwaka ule kwangu ni maganda ya kahawa mbivu yaliyorundikwa nyuma ya choo. Shuleni tulikuwa walimu wa kila mkoa na kila dini, na mazungumzo yetu wakati wa chai yalikuwa mamoja tu: uhamisho. Mimi sikuwa na haki hata ya kuyaingia, kwa sababu nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na mkuu wa shule alipenda kunikumbusha kwamba fomu yangu ya kuthibitishwa kazini iko kwenye droo yake. Nayataja haya si kwa kujitetea. Nataka tu ijulikane nilikuwa naogopa nini, maana leo hii ukiniuliza, woga wenyewe naona ulikuwa mdogo sana.

Kalista alifundisha Historia pale shuleni, na ndiye aliyemleta baba yake katika chumba cha kompyuta Jumamosi moja baada ya kutoka naye hospitali. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti la suti juu ya fulana, na mkononi ameshika mfuko wa sandarusi kama mtu aliyebeba mayai. Nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akanigeuzia sikio la kulia na kusema, "Rudia binti yangu, la kushoto limeshaaga." Nikarudia. "Marahaba. Na hili la kulia nalo daktari anasema linafungasha virago." Alisema hivyo huku anatabasamu, lakini Kalista aliangalia pembeni. Ndani ya mfuko kulikuwa na madaftari yake, nyimbo za miaka thelathini zilizoandikwa kwa nota za do re mi, sauti nne nne, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza. Mchwa walikuwa wameyala. Kurasa nyingine ulipozishika zilibaki vumbi mkononi. Alitaka mambo mawili. La kwanza, kuzinakili nyimbo zilizosalia kabla mchwa hawajamaliza. La pili ndilo lililomsumbua: parokia ingeadhimisha jubilei mwezi wa nane, na Paroko alimpa kazi ya kutunga Misa nzima mpya, naye alikuwa haisikii tena kwaya yake. "Nasikia watu wanaimba," akasema, "lakini sauti ya pili na ya tatu zimekuwa uji. Sijui kama nimetunga au nimechafua. Nataka nimalize kabla sikio la pili halijafunga." Nilichukua vipokea sauti vyangu vya masikioni, nikamvika, nikapiga wimbo wowote uliokuwa kwenye kompyuta kwa sauti ya mwisho. Akafumba macho. Alipofumbua alikuwa na machozi, akaniuliza kama kile chombo kinaweza kumwimbia nota zake mwenyewe.

Niliandika skripti kwa wiki mbili, kila baada ya vipindi. Kwa wasiojua, skripti ni maagizo tu uliyoyaandika mstari kwa mstari, na kompyuta inayasoma na kuyatenda, mradi ndani yake kuna kile kitu kinachoyasoma. Yangu ilifanya hivi: unaandika herufi za nota, d r m f, kwa kila sauti, unabonyeza kitufe, inaimba. Unaweza kusikiliza besi peke yake, au zote nne pamoja. Ikiimba ilikuwa na sauti ya mbu, lakini ilikuwa haikosei. Chini yake kulikuwa na faili moja dogo nililoliita nyimbo, lililokaa jirani na skripti, na humo ndimo kila kilichohifadhiwa kilipoandikwa. Niliweka wimbo mmoja wa mfano, ngazi tupu ya nota kutoka chini mpaka juu, ili mtu akifungua asikute ukurasa mweupe. Mwalimu Gaudensi aliposikia wimbo wake wa kwanza alicheka mpaka akakohoa. Kosa alilokuwa amelifanya kwenye sauti ya tatu, ambalo kwaya ililiimba miaka kumi na miwili, alilisikia siku ile kwa mara ya kwanza. "Na hawakuniambia," akasema. "Watu wana heshima mno hawa."

Shida ilianza alipotaka kwenda nayo nyumbani. Kwenye laptop yangu skripti ilifanya kazi kwa sababu nilishaweka kila inachohitaji. Huwezi kumpa mzee skripti tupu ukamwambia kwanza asakinishe hiki, kisha kile. Inabidi uifungashe, yaani uikusanye pamoja na vyote inavyovitegemea mpaka iwe programu kamili ambayo mtu anaibofya tu ikafunguka. Na kifurushi kimoja hakitoshi kila mahali. Laptop ya parokia ambayo Mwalimu angeitumia ilikuwa ya Windows. Masista wa Kingerikiti, ambao kwaya yao iliimba nyimbo zake, walikuwa na kompyuta za msaada zenye Linux. Paroko mwenyewe alikuwa na Mac nyeupe aliyoachiwa na mmisionari aliyerudi kwao. Kifurushi cha Windows hakifunguki kwenye Linux, cha Linux hakifunguki kwenye Mac, na huwezi kutengeneza cha Mac mpaka uwe umekaa mbele ya Mac yenyewe. Kwa hiyo likizo ya Desemba nilishuka ziwani. Kwa Kingerikiti nilitengeneza folda yenye kila kitu ndani, na kwa Paroko vivyo hivyo, nikiwa nimekaa sebuleni kwake siku mbili, yeye akinipita na kuniuliza, "Bado tu inafungashwa? Au unaihamisha na nyumba?"

Nyumba ya Mwalimu Gaudensi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, sebule yenye meza moja kubwa iliyofanya kazi zote: kula, kusahihisha, kupiga pasi, kutunga. Nilipewa chumba cha Kalista. Mama Kalista, mkewe, alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, aliyeongea Kimpoto na majirani, Kiswahili na mimi, huku na mumewe akiongea kwa mikono. Tulikula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lile, wabichi waliochemshwa na nyanya, na siku ya Jumapili samaki mbasa wa kubanika, na kila mara aliniwekea kichwa cha samaki akisema walimu wa kompyuta wanahitaji akili. Kwenye meza, upande wa dirishani, daftari moja lilikuwa wazi, limewekewa jiwe la ufukweni lisifunguke ukurasa mwingine. Nilipotaka kulifunga ili nipate nafasi ya sahani, Mama Kalista alinishika mkono. "Hilo halifungwi. Wimbo ambao haujaimbwa kanisani daftari lake linalala wazi. Alifundishwa hivyo na mwalimu wake, na huyo naye sijui na nani. Nimefuta vumbi kwenye hayo madaftari miaka thelathini kwa kuyazunguka." Mzee alituona tunavyoelekeza vidole, akaelewa. "Ukilifunga wimbo unasinzia," akasema. Tulicheka wote watatu.

Folda niliyokuwa nimemtengenezea haikumpendeza. Aliifungua, akaona mafaili mengi yenye majina ya ajabu, akainua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Hapana, Mwalimu. Mimi nitabofya kisichobofywa. Nipe kitu kimoja tu. Nikibonyeza kifunguke, basi." Chombo nilichokuwa nakitumia kufungashia kilikuwa na uwezo huo. Unakiagiza kikusanye kila kitu kuwa faili moja, na mtu haoni kingine chochote. Nikafanya hivyo. Ilichelewa kufunguka, karibu dakika nzima kwenye laptop ile iliyochoka, lakini ilifunguka, ile ngazi ya nota ikaimba, nikaandika mistari miwili ya wimbo, nikahifadhi, maneno "Nyimbo zimehifadhiwa" yakatokea, nikairudia kuisoma, ipo. Nikaona nimemaliza. Sikufanya jambo moja ambalo leo nawafundisha vijana wangu kabla hata ya kuwafundisha kuandika: sikuifunga na kuifungua tena. Nikamwambia, "Zikiingia humu Mwalimu, mchwa hawazifikii tena." Nikapanda kwenda Mbinga nikiwa nimebeba samaki wakavu na furaha ambayo sijaipata tena kwa kazi yoyote.

Kuanzia Januari mpaka Pasaka alikuwa akiandika. Habari nilizipata kwa Kalista tukinywa chai ya saa nne. Amemaliza nyimbo kumi. Amefika ishirini na tano. Ameanza Misa, anaitunga humohumo kwenye kompyuta, "Utukufu" umekwisha, "Mtakatifu" unamsumbua kwenye besi. Daftari likishaingizwa lote alilitoa nyumbani, kwa sababu kurasa zile zilikuwa zimeanza kupeleka mchwa kwenye kabati, na Mama Kalista alizichukua kuwashia moto. "Mama anasema Kwaresima yote anapika kwa nyimbo za Mama Maria," Kalista aliniambia, tukacheka mpaka Mwalimu wa Jiografia akauliza kuna nini. Sikio la kulia liliendelea kupungua. Mwezi wa tatu alikuwa amefikisha vipokea sauti mwisho kabisa na bado akivikandamiza kwa viganja. Aliandika harakaharaka, Kalista alisema, kama mtu anayeanua nguo mvua ikiwa imeshaanza.

Nilishuka tena Jumatano ya Juma Kuu, shule zikiwa zimefungwa, ili nichukue nyimbo zote kwenye flashi nikazichape Mbinga. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Kalista alikuwa jikoni, mzee alinipokea mlangoni na kunivuta moja kwa moja mezani. Laptop ilikuwa wazi, programu ipo kwenye kioo, nyimbo arobaini na tatu kwenye orodha, na mwishoni kabisa Misa, sehemu zake zote. Nikaona kompyuta ina joto na kila kitu kinakwenda kwa kujivuta. Nikamuuliza kwa kumwandikia kwenye karatasi mara ya mwisho aliizima lini. Akanishangaa. "Sijawahi kuifunga. Misa haijaimbwa." Alikuwa anakunja kifuniko tu, akiuchomeka waya kwenye umeme wa jua, na kesho yake anakikunjua anakuta palepale alipoishia. Miezi mitatu na zaidi, programu haikufungwa hata mara moja. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikaanza kumpa somo, kwamba kompyuta ni mashine, inahitaji kupumzika, kwamba kuhifadhi ndiko kunakolinda kazi na si kuiacha wazi. Nikabonyeza Hifadhi mbele yake, nikamwonyesha yale maneno kwa kidole, "Nyimbo zimehifadhiwa," akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu. Kisha nikaifunga. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Tulipokuwa tunasubiri Mama Kalista alileta chai na viazi vitamu.

Programu ilipofunguka, kwenye orodha kulikuwa na wimbo mmoja. Ngazi ya nota, d r m f s l t, ule wa mfano nilioufungasha mimi mwenyewe Desemba. Niliifunga nikaifungua tena. Nikatafuta kwenye folda zote. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshajua, na sijawahi kujua jambo lolote kwa uhakika namna ile. Programu iliyofungashwa kuwa faili moja haiishi mahali pamoja. Ukiibofya inajifungua na kujimwaga kwenye folda ya muda iliyofichika, inafanyia kazi humo, na ukiifunga inaifuta folda ile yote na kilichomo, kama mama lishe anayekunja turubai. Mimi niliiagiza iandike nyimbo jirani na ilipo yenyewe. Kwangu, ilipokuwa skripti, jirani palikuwa kwenye folda yangu. Kwa masista na kwa Paroko jirani palikuwa ndani ya folda niliyowapa. Kwa Mwalimu Gaudensi jirani palikuwa mahali pa kufutwa. Nyimbo zake ziliishi muda wote ule kwa sababu tu alikuwa na desturi ya kuacha wimbo wazi mpaka uimbwe. Mkono uliozifuta ulikuwa wangu, mbele ya macho yake, nikimfundisha.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Asiyesikia husoma sura, na yangu aliisoma. "Zimeenda wapi?" akauliza. Nikasema, "Labda ulibonyeza kitu, Mwalimu." Nilisema kwa sauti ndogo, na nataka kuamini kwamba mara ile ya kwanza yalinitoka tu, kama mkono unavyojikinga kabla hujafikiri. Lakini hakusikia. Akainama, akanipa sikio la kulia, akalikingia kiganja, akasubiri. Nilikuwa na nafasi. Nilipewa muda wa kutosha kabisa, uso wake ukiwa karibu na wangu, mvi za kwenye shavu nikiziona moja moja. Nikawaza fomu iliyo kwenye droo ya mkuu wa shule, na Paroko, na jubilei, na kwamba watasema Mwislamu yule ameharibu nyimbo za kanisa. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka Mama Kalista akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi: "Labda ulibonyeza kitu! Zimefutika!"

Mzee aliangalia vidole vyake. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo ambalo sijalizoea mpaka leo. Mtu aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka thelathini na tano aliamini, kwa neno langu moja, kwamba vidole vyake vimemsaliti. Akaketi. Akamwambia mkewe, "Nimezifuta." Mama Kalista alitazama jikoni, kwenye moto, na mimi nilijua anachotazama, kisha akarudi kwa mumewe akamwekea mkono mgongoni. Nilichukua laptop nikaenda nayo Mbinga, nikaijaribu kwa programu za kurudisha vilivyofutika. Vilikuwa vimekwisha kuandikiwa juu. Nilichokipata ni vipande vya herufi visivyo na mwanzo wala mwisho.

Jumapili baada ya Pasaka niliirudisha, nikakaa kanisani benchi la nyuma pamoja na Mama Kalista, mtandio wangu kichwani kati ya vitambaa vyao. Wakati wa matangazo Mwalimu Gaudensi aliomba nafasi. Alisimama mbele ya watu, na kwa kuwa alikuwa haisikii vizuri tena sauti yake, aliongea kwa kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Alisema Misa ya jubilei haitakuwepo. Alisema Mwalimu Zuhura amemfanyia kazi nzuri, bila malipo, lakini yeye ni mzee na vidole vyake ni vizito, alibonyeza asichokijua, akafuta kazi yake yote na ya kwaya. Akawaomba radhi. Watu waligeuka wakanitazama kwa huruma. Mama mmoja alinifinya bega. Nilitazama miguu yangu mpaka matangazo yakaisha.

Kurekebisha kosa kulinichukua muda wa kuchemsha maji. Nilibadilisha mstari mmoja, nyimbo zihifadhiwe kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, nikafungasha upya kwa Windows, nikampa Kalista ampelekee baba yake kwenye flashi, nikamwambia ni toleo jipya, lina usalama zaidi. Kalista alinishukuru. Mzee hakuifungua. Mwezi wa sita sikio la kulia nalo likafunga, na hapakuwa tena na chombo cha kumwimbia chochote. Nota alizijua, angeweza kuandika kwa kukumbuka, na Paroko alimsihi, lakini alikataa, akasema mtu anayefuta hafai kuandika. Kwaya ya mjini ndiyo iliyoimba siku ya jubilei. Baadhi ya nyimbo za zamani kwaya yake ilizikumbuka sauti mbili, nyingine tatu, wakaziimba hivyohivyo zikichechemea. Ile Misa hakuna aliyewahi kuisikia isipokuwa yeye, peke yake, mezani, kwa sauti ya mbu. Mzee Otmari, aliyeimba besi na kupenda utani, alimbatiza jina la Mwalimu Diliti, na jina lilishika. Hata wanafunzi wa shule ya msingi walimwita hivyo, wakijua hasikii. Mimi nilithibitishwa kazini mwezi wa kumi na moja, na mwaka uliofuata nikapata uhamisho.

Safari hii, baada ya simu ya Kalista, nilishuka ziwani kwa lami, saa chache tu. Nilimkuta Mama Kalista sebuleni, amekonda, amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wawili wa jumuiya, na Kalista akipita na chai. Wanawake wakanipisha. Mama alinishika mikono yote miwili, akaanza kuwaeleza wale wengine mimi ni nani, binti wa Tanga aliyemtengenezea mzee kwaya ndani ya kompyuta. Akasema mpaka mwaka huu, wajukuu wakikaribia simu ya mtu, babu yao alikuwa akiwakataza kwa kelele: msiguse, mimi niliwahi kuua kwaya nzima kwa kidole kimoja. Wote walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Nikasema, "Mama, si yeye." Nikamweleza yote, polepole, folda ya muda, faili moja, kufunga, na yale maneno niliyoyasema mara mbili. Sijui alielewa kiasi gani cha habari za kompyuta. Ya mwisho aliyaelewa, kwa sababu siku ile alitoka jikoni akayasikia kwa masikio yake.

Kalista alikuwa amesimama na birika, hanitazami. Nilitamani wanitukane. Mwishowe mama aliachia mikono yangu, akajifunga kitenge vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga kazi za kesho, "Yeye alisimama kanisani akawaomba watu radhi kwa kosa ambalo si lake. Jumapili na wewe utasimama."

Nililala pale siku nne, katika chumba kilekile. Tulikula, tulipokea wageni, nilichota maji na kuosha vyombo, na hakuna aliyenitajia jambo lile tena. Jumapili tulikaa benchi la mbele, mama katikati, Kalista upande wake mwingine. Padre kijana, ambaye mwaka ule labda alikuwa hajamaliza shule ya msingi, alifika kwenye matangazo akasema kuna mgeni ana neno. Nikasimama. Kanisa lilikuwa limejaa, na wengi hawakunijua. Nilisema jina langu. Nikasema Mwalimu Gaudensi hakufuta kitu chochote. Nikasema nyimbo zake nilizipoteza mimi, kwa kazi niliyoifanya vibaya, na nilipojua nikamwambia amezifuta yeye, naye akaniamini mpaka amekufa. Kwenye mabenchi ya kwaya Mzee Otmari, sasa akiwa na fimbo, aliinuka, akashika ukuta, akatoka kwa mlango wa pembeni, na fimbo yake tuliisikia inavyokwenda nje kwenye changarawe. Nilibaki nimesimama, maana sikujua kinachofuata. Mama Kalista alinivuta upindo wa gauni. "Sasa kaa," akasema.